Shajara ya maandalizi ya ukaguzi: helikopta tatu, Uwanja wa Wilson

14 Januari

Mkurugenzi ametia sahihi barua asubuhi hii. Tunaomba ukaguzi wa IS-BAO, kiwango cha kimataifa cha usalama wa ndege za biashara, hatua ya kwanza, na tumelenga Juni, kabla nyumbu hawajavuka Mara na marubani wote kutawanyika makambini hadi Oktoba.

Kwa asiyeijua kazi yetu: sisi ni kampuni ndogo ya helikopta hapa Wilson, Nairobi. Ndege tatu, zote AS350 B3. Tunabeba watalii, wapandaji waliougua Mlima Kenya, watafiti wa madini na, uchaguzi ukikaribia, wanasiasa. Cheti cha uendeshaji tunacho kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na mamlaka hutukagua kwa ratiba yake. IS-BAO ni juu ya hapo. Kilitolewa mara ya kwanza mwaka 2002 na IBAC, baraza la kimataifa la ndege za biashara lenye makao Montreal, na hakuna sheria inayotulazimisha kukifuata. Anayetusukuma ni mteja wa kaskazini, ambaye ameshasema hatapandisha watu wake kwenye helikopta ya kampuni isiyokaguliwa na mtu wa nje.

Tulipima pia BARS, kiwango cha Flight Safety Foundation kilichoanza 2010 kwa ajili ya kampuni za madini. Chenyewe kinaanzia kwenye hatari: mafuta machafu, mzigo uliozidi, rubani kugonga mlima na ndege ikiwa nzima kabisa, na kila hatari imewekewa vizuizi vyake. Binafsi nakipenda zaidi. Lakini IS-BAO ina hatua tatu. Ya kwanza inauliza kama mfumo wa kusimamia usalama umejengwa, ya pili kama kweli unapunguza hatari, ya tatu kama umekuwa tabia ya kampuni nzima. Kwa watu wa ukubwa wetu, ngazi inapandika kuliko ukuta.

Mkaguzi tunamchagua wenyewe kutoka orodha ya walioidhinishwa, na tunamlipa wenyewe. Rubani mkuu akacheka: "Yaani unamlipa mtu aje akuseme?" Ndivyo. Ila cheti hakitoki mkononi mwake. Ripoti yake inapitiwa na IBAC kwanza.

23 Januari

Mwongozo wetu wa uendeshaji ulinunuliwa ukiwa tayari, miaka kabla sijaajiriwa, kisha jina la kampuni likapachikwa kila palipoachwa nafasi. Nimemaliza kuusoma mzima. Una sura ya kuvuka Atlantiki ya Kaskazini. Una utaratibu wa kuzoa theluji mbele ya karakana. Una kamati ya usalama ya wajumbe wanane, na kampuni nzima, ukimhesabu na mlinzi wa usiku, haifiki watu 30.

Kazi yote iko hapo. Mkaguzi haji kutuuliza kama mwongozo ni mzuri. Atafungua ukurasa wowote na kusema: hapa mnasema mnafanya hivi, haya nionyesheni. Kila sentensi ni ahadi, na sisi tumeahidi mambo ambayo hayajawahi kufanyika Wilson wala kwingineko. Nimependekeza tusiongeze hata sura moja mpaka tumalize kupunguza. Mkurugenzi alidhani ninatania.

6 Februari

Nimechora jedwali la safu tatu: kiwango kinataka nini, mwongozo unasema nini, watu wanafanya nini. Safu ya tatu haijazwi ofisini. Nimeshinda karakanani, nimeshinda kwa mwanamke anayepokea abiria, nimepanda na marubani kiti cha nyuma bila kusema neno.

Kuna mahali watu wanafanya vizuri kuliko mwongozo. Mwongozo unasema vifaa vya mafundi vinafuatiliwa kwa programu ya kompyuta. Programu hiyo haipo. Kilichopo ni daftari la shule la kurasa 96 ambamo fundi mkuu anaandika kila spana inapotoka na inaporudi, na ubao ukutani wenye michoro ya kila kifaa, hivi kwamba pengo likibaki jioni linaonekana kutoka mlangoni. Hakuna helikopta inayosukumwa nje kabla ubao haujajaa. Nimefuta programu kwenye mwongozo, nimeandika daftari na ubao. Fundi mkuu aliposoma alinyamaza kidogo, akasema, "Basi nitanunua daftari lenye jalada gumu."

Kwingine ni kinyume. Spana moja ya kupimia mkazo wa nati ilikuwa imepitisha tarehe ya kuhakikiwa, na bado ilikuwa kwenye droo pamoja na zilizo sawa. Imefungwa utepe mwekundu na kupelekwa maabara.

20 Februari

Rejista ya hatari. Ya zamani ilikuwa na mistari kama "hali ya hewa" na "kosa la binadamu". Hatari iliyoandikwa hivyo huwezi kuifanyia kitu chochote.

Tumekaa na marubani, ramani mezani, swali moja tu: ni wapi moyo ulikuruka? Walianza polepole, kisha wakawa wanakatizana. La kwanza likawa hapa hapa nyumbani. Machi 2024 ndege ya abiria aina ya Dash 8 na Cessna 172 ya mafunzo ziligongana juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi muda mfupi baada ya kuruka Wilson, na wawili waliokuwa kwenye Cessna wakafariki. Helikopta zetu hupita anga hiyo hiyo kila siku. Tumeandika njia zetu za kutoka na kuingia, na kwamba hadi mbuga ipitwe kabisa rubani haongei na abiria wala hagusi tableti.

La pili, nyaya. Laini ya umeme ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ina urefu wa kilomita 430 hivi na ilianza kazi 2018. Baadhi ya marubani wetu waliijua kaskazini kabla haijajengwa, na kumbukumbu ya nchi tupu ni hatari kuliko ugeni, kwa sababu mgeni huangalia. Waya wenyewe hauonekani. Kinachoonekana ni mnara. Kwa hiyo tunavuka juu ya mnara, hatuvuki katikati ya minara miwili.

La tatu, tumbusi wa Hell's Gate, mbuga ya karibu na Naivasha, na hapo kikao kilipotea dakika nyingi, maana kila rubani ana tumbusi wake wa kusimulia. Rekodi ya kuruka juu kabisa ni ya yule aliyegongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan mwaka 1973, futi 37,000 angani. Sisi wa futi mia tano hatuna pa kumkwepea.

3 Machi, Lodwar

Nimekuja kuona mafuta. Mwongozo una aya mbili tu juu ya mafuta ya mapipa, ilhali kazi ya kaskazini inaendeshwa kwa mapipa.

Pipa la lita 200 likisimama wima nje, mvua hutuama juu ya kifuniko. Mchana jua linalipasha, hewa ya ndani inatanuka na kutoka. Usiku linapoa na kuvuta hewa, na kama kizibo kimelegea linavuta maji yale pamoja nayo. Ndiyo maana hulazwa ubavu, vizibo viwili vikiwa kwenye mstari mlalo, mafuta yakivifunika kwa ndani. Maelekezo ya kiwandani yanasema vizibo viwe saa tatu na saa tisa. Kwa bahati njema, usome saa ya Kiswahili au ya Kizungu, vinaangukia pale pale.

Vijana wawili wanaojaza mafuta hapa ni wa Lodwar hii hii, na kazi wamerithishwa na waliowatangulia. Nilikuja na orodha hakiki ya kuwafundisha, nikaishia kuandika ya kwao. Mapipa wameyalaza juu ya magogo, wamejenga kivuli cha mikeka ya mkoma, na yaliyotangulia kufika wameyaweka mbele ili yatumike kwanza. Pipa la kutumika kesho wanalisimamisha leo ili uchafu utuame, na bomba la pampu wamelikata lisifike chini, ule mwisho wa pipa wanauacha. Dawa ya kupimia maji, inayobadilika rangi ikigusa hata tone, wanaipaka kila pipa. Waya wa kuondoa umeme tuli wanaunganisha kabla ya kufungua kizibo.

Kisichokuwepo ni karatasi. Hakuna popote palipoandikwa kwamba watu hawa wamefundishwa, lini, na nani. Kimoja pia wanakikosea: pipa lililofunguliwa likabaki nusu wanalifunga na kulitumia kesho yake. Nilipouliza kwa nini, mkubwa wao akajibu kwa adabu, "Mzee, Nairobi walituambia mafuta ni ghali." Ni sisi tuliowaambia. Nimepiga simu hapo hapo. Kuanzia leo pipa lililofunguliwa halirudi kwenye helikopta, linakwenda kwenye jenereta ya kambi.

20 Machi

Ripoti za usalama. Sanduku lipo mlangoni, fomu zipo juu yake, na mwaka mzima uliopita halikupata kitu isipokuwa risiti ya chakula cha mchana. Mkaguzi akiona sanduku tupu hatasema kampuni haina matatizo.

Nimeanza na fomu. Ni kurasa mbili za Kiingereza cha ofisini, na inaanza na jina, cheo na saini. Kwa kijana wa mafuta au msafisha ndege, huo ni mlango wa kituo cha polisi. Tumeiweka kando. Sasa kuna namba moja ya simu. Mtu anatuma ujumbe wa sauti kwa lugha yoyote aliyoamka nayo, mimi naandika. Mkurugenzi ametia sahihi tamko kwamba anayesema jambo hapewi adhabu kwa kulisema, na kwamba uzembe wa makusudi na ulevi viko nje ya tamko hilo. Mstari huo wa mwisho mafundi ndio walioutaka, si uongozi.

28 Machi

Sauti zimeanza kuingia. Mlango wa mizigo wa ndege ya pili unafunguka ukiufunga kwa mkono mmoja. Mgeni mmoja alitaka kupiga picha nyuma ya mkia injini ikiwaka. Dereva wa gari la mafuta anaombwa asogee karibu mno ili bomba lifike. Hakuna kubwa, na hayo madogo ndiyo niliyokuwa nayatafuta. Kila moja lina jibu limeandikwa, na jibu linabandikwa ukutani ndani ya wiki, hata kama jibu ni "hatuwezi kwa sasa".

9 Aprili

Masika. Asubuhi vilima vya Ngong havipo, limebaki pazia jeupe.

Leo tumebishana kweli. Rubani wa helikopta anayeruka kwa kutazama nje, si kwa vyombo, huingia winguni kidogo kidogo: anapunguza mwendo kidogo, anashuka kidogo, anapunguza tena, na kila hatua peke yake ina akili. Nimependekeza mipaka iandikwe. Mwendo ukipungua noti 30 (maili za baharini kwa saa) chini ya ule wa safari kwa sababu ya hali ya hewa, au ukijikuta chini ya futi 500 bila kupanga, uamuzi umekwisha kufanyika: unageuka au unatua. Chama cha helikopta cha Marekani kimehubiri hilo kwa miaka, kwamba helikopta ni ndege inayoweza kutua shambani, na marubani wake hawatui.

Rubani mkuu hakupenda. "Kapteni ndiye mwenye ndege. Ukimwandikia namba, umemnyang'anya akili." Nikamuuliza, ukitua kwenye shamba la viazi Kinangop na wageni watano wana ndege ya kimataifa jioni, nani anakupigia simu ya kwanza? Akanyamaza, kisha akasema ukweli: mauzo.

Basi hapo ndipo kizuizi kinatakiwa. Tumeandika kwamba rubani akitua kwa sababu ya wingu, simu ya kwanza inatoka kwa msimamizi wa safari na ina swali moja, mko salama? Gari linatumwa, gharama ni ya kampuni, hakuna maelezo yanayodaiwa. Kwa sharti hilo rubani mkuu akakubali zile namba.

17 Aprili

Limetokea mapema kuliko nilivyotarajia. Rubani wetu kijana ametua uwanja wa shule Nyandarua, mvua ikiwa mbele na nyuma. Mauzo hawakupiga. Lakini ripoti yake ya sauti ina jambo ambalo hatukuliwaza: wanafunzi walitoka madarasani mbio kuelekea mkia. Alizima injini mara moja na kushuka kuwazuia, huku pangaboi la mkia likiwa bado linazunguka. Tumeongeza: ukitua pasipo uzio, chagua mahali mbali na watu hata kama matope ni mengi, na abiria wa mbele ajue kabla ya kuruka kwamba anaweza kuombwa asaidie kuzuia watu, akitembea mbele ya ndege tu. Mwalimu mkuu ameomba turudi siku njema tuwaonyeshe watoto. Tutakwenda.

25 Aprili

Mizani. Helikopta yetu ina ukomo wa kilo 2,250. Tupu, na viti vyake, ina karibu 1,300. Jaza tangi lita 540, hizo ni kilo 430 hivi, mweke rubani, kilichobaki ni abiria watano wa kilo 87 wasio na begi. Na hapo ni kwenye karatasi. Wilson iko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na siku ya nyuzi 26 injini na mapanga vinafanya kazi kama viko juu ya futi 8,000.

Mpaka sasa uzito wa wageni tumekuwa tukiukubali kama walivyouandika kwenye mtandao wakati wa kulipa, na sijawahi kukutana na mtu aliyejiongezea. Tumeweka mizani sakafuni mbele ya dawati la mapokezi, na namba inasomeka upande wa ndani tu. Anasimama mgeni na begi lake mkononi, anakaribishwa, yamekwisha. Malalamiko hayajafika.

8 Mei

Zoezi la dharura, bila taarifa. Saa nne asubuhi nikamwambia msimamizi wa safari: ndege ya tatu haijaripoti, alama yake ya setilaiti imesimama karibu na Maralal. Endelea.

Alianza vizuri. Kisha namba ya hospitali kwenye mpango wetu ikawa ya duka la simu. Lililoniumiza zaidi ni kitoa ishara cha dharura. Kifaa hicho ndege ikianguka hutuma ishara ya megahezi 406 kwa setilaiti za Cospas-Sarsat, na ishara ina namba inayoeleza ni ndege ya nani na nani apigiwe simu. Tulipoitazama sajili, wa kupigiwa simu ni meneja aliyekwishaondoka kwenye kampuni. Setilaiti ingefanya kazi yake, na simu ingeita mfukoni mwa mtu asiyehusika. Ndege zote tatu zimesajiliwa upya wiki hii, kwa namba ya ofisi inayopokelewa usiku na mchana.

20 Mei

Sura ya theluji nimeifuta, ya mwinuko imebaki na kukua. Kambi ya Shipton kule Mlima Kenya iko mita 4,200, yaani karibu futi 13,800. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ni kwamba juu ya futi 13,000 rubani anavuta oksijeni muda wote. Mitungi tunayo miwili. Barakoa moja mpira wake umepasuka. Imeagizwa, na hadi ifike ndege moja tu ndiyo inayoruhusiwa kupanda mlimani.

2 Juni

Mwongozo umepungua karibu kwa nusu. Kamati ya usalama ina watu wanne, nao wamekutana kweli, mihtasari ipo.

18 Juni

Mkaguzi amemaliza. Alikuwa mpole, naye alifungua kurasa ovyo kama nilivyoogopa. Daftari la spana alilisoma muda mrefu kuliko mwongozo. Aliomba kuzungumza na msafisha ndege peke yake, mlango umefungwa. Kisha akachagua ripoti moja ya sauti, ile ya mlango wa mizigo, akaifuata hatua kwa hatua: nani alisema, nani alitengeneza, kipuri kipi, nani aliangalia baadaye kama tatizo limerudi. Hapo mwishoni tulikuwa wembamba. Tunatengeneza, haturudi kuangalia.

Hoja alizoacha ni tatu. Moja ndiyo hiyo ya kurudi kuangalia. Ya pili, kumbukumbu za mafunzo ya wajaza mafuta, ambazo tulizianza Machi tukaziacha katikati msimu wa mvua. Ya tatu ni ndogo: nakala ya mpango wa dharura iliyoko kwenye ndege ya kwanza ni toleo la zamani, lenye lile duka la simu.

Rubani mkuu alimsindikiza hadi kwenye gari. Aliporudi akauliza hatua ya pili ni lini. Usajili wa hatua hii ni wa miaka miwili, nikamwambia. Akasema ni mingi.

26 Juni

Nakala za ndege zote tatu zimebadilishwa na za zamani zimechanwa. Kwenye rejista ya ripoti kila jambo sasa lina tarehe ya pili, siku 30 baada ya kutengenezwa, na jina la atakayekwenda kuangalia. Jina hilo haliwezi kuwa la aliyetengeneza. Kadi za mafunzo za vijana wa Lodwar zimejazwa, zina saini zao na ya rubani mkuu aliyewapima mwenyewe. Zimekwenda kwa mkaguzi mchana huu. Kadi ya kijana wa tatu, aliyeajiriwa wiki iliyopita, itafuata ndege ikirudi Alhamisi.